Turbo, laptopu na joto la Malindi

Lori la chumvi likitoka Gongoni kwenda Mombasa halikutani na mlima wa maana. Linavuka daraja la Sabaki, linapita Malindi na Gede, linaambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke, linavuka hori la Kilifi na kuteleza hadi Mtwapa. Njia ni tambarare karibu yote. Lakini nenda gereji yoyote ya dizeli katika ukanda huu, utawakuta wenye magari wakiulizia jambo lile lile: nani anaweza kuiongezea injini nguvu kwa kompyuta, na kwa shilingi ngapi?

Sababu si mlima, ni kupita gari la mbele. Kwenye njia mbili nyembamba, nyuma ya trela, sekunde mbili tatu za kuchomoka haraka ni kitu cha kulipia. Wapo pia wanaoacha lami na kuingia mchanga wa Marafa na Baricho, au wanaopandisha Kaloleni wakiwa wamejaza mzigo.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa spana. Kwenye pampu ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, au Canter ya zamani, kuna skrubu ya kiasi cha dizeli. Fundi aliikaza kidogo, gari likapata nguvu na moshi mweusi kwa pamoja. Moshi huo ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. 1HZ haina turbo, kwa hiyo hewa haiongezeki hata ukikaza skrubu mpaka iote kutu.

Turbo ndiyo inayoleta hewa ya ziada, na kompyuta ndiyo iliyompokonya fundi spana. Hapa Wamalindi wana jambo la kuwakumbusha jirani zao Waitalia, wale wa pizza na wale wa kituo cha anga cha Ngomeni: mfumo wa reli moja ya dizeli yenye shinikizo kubwa ulikuzwa kwa gari dogo na watu wa Fiat, Bosch wakaununua na kuukamilisha, na mwaka 1997 ukatokea kwenye Alfa Romeo 156. Wajapani wa Denso walikuwa wameshauweka kwenye lori la Hino mwaka 1995. Shinikizo ndani ya reli hiyo huvuka bar 1,300, wakati tairi la gari dogo halifiki hata bar 3. Nozeli hufunguka na kufungika kwa umeme, mara kadhaa katika pigo moja la pistoni, kwa amri ya majedwali yaliyoandikwa kiwandani.

Kurimapu ni kuyaandika upya majedwali hayo. Fundi anachomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani, anasoma faili, kisha anabadilisha kiasi cha dizeli, wakati wa kuipuliza, shinikizo la turbo na mipaka ya nguvu ya kuvuta. Kwa mabadiliko ya kiasi, injini ya lita 3 ya Hilux au D-Max inaweza kuongezeka nguvu kwa asilimia 15 hadi 25 bila kubadilishwa hata bolti moja. Anayetilia shaka uwezo wa programu na akumbuke kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015: ni programu tu iliyoyafanya magari milioni 11 yawe safi mbele ya kipimo na machafu barabarani.

Sasa swali ambalo wauzaji wa rimapu hawapendi kuulizwa: kama nguvu hiyo imo, mbona kiwanda hakikuitoa?

Jibu la wazi liko baharini. Kampuni za injini za boti, Volvo Penta kwa mfano, huuza injini za ukoo mmoja kwa viwango vitano vya nguvu. Ya boti la starehe inayokimbizwa saa chache kwa mwaka hupewa nguvu nyingi. Ya boti la kazi linalovuta kutwa hupunguziwa. Nguvu hupimwa pamoja na saa za kazi. Kinachobaki ni akiba ya kukabili joto, mzigo na mafuta mabaya.

Pwani yetu tayari inaila akiba hiyo. Hewa ya Machi ni moto kabla haijaingia kwenye turbo. Chumvi na vumbi huziba mapezi ya rejeta na ya kipozahewa cha turbo. Mzigo huzidi. Dizeli rasmi imekuwa safi tangu 2015, salfa ikishuka hadi sehemu 50 kwa milioni, lakini uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliyatoza shilingi 18 kwa lita ili kuukomesha. Pampu ya reli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayalainishi kitu. Ongeza juu ya hayo joto la eksozi linalokaa juu ya nyuzi 700 kwa kilomita nyingi mfululizo, kwenye pistoni za aluminiamu, metali ambayo ikiwa safi huyeyuka kwa nyuzi 660. Pistoni hupona kwa sababu hupozwa kwa oili. Usiiombe oili ile ile ya miezi minane ifanye muujiza.

Kuna mtego mwingine, wa mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya Mombasa na hewa yake ni nyepesi. Faili lililokazwa kikamilifu usawa wa bahari hulazimisha turbo izunguke kasi zaidi huko juu ili kufikia shinikizo lile lile. Gari likivuta mzigo kupandisha Voi na Mtito Andei, turbo inaweza kupitiliza mpaka wake, na dereva asijue mpaka aone moshi wa buluu.

Kuhusu sheria nitasema machache. Matatu na malori makubwa hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na anayekufutia kidhibiti mwendo ndani ya faili hakuongezei nguvu, anakuuzia kesi. Bima nayo iambiwe.

Msimamo wangu ni huu: mwenye Hilux au Prado nzima, inayobeba familia na mizigo midogo, anaweza kurimapu kwa kiasi na kufurahia. Lori la chumvi na matatu ya safari sita kwa siku yaachwe na faili la kiwandani. Na gari linalotoa moshi mweusi kabla halijaguswa, pesa hizo zipelekwe kwanza kwa fundi wa nozeli na kwenye kusafisha kipozahewa; mara nyingi nguvu uliyodhani huna ilikuwa imezibwa hapo. Ukishaamua kurimapu, dai kipimo cha joto la eksozi kifungwe, na usitoke gerejini bila nakala ya faili lako la awali mkononi.