Kijiji cha San Basilio de Palenque

Mtu atazamaye ramani ya Amerika ya Kusini ataona nchi ya Kolombia upande wa kaskazini, na katika pwani yake mji wa Cartagena. Kutoka mji huo, mwendo wa maili 30 hivi kuelekea kusini-mashariki, kuna kijiji kiitwacho San Basilio de Palenque, chini ya vilima vya Montes de María. Nchi yake ni ya joto. Wenyeji hulima muhogo, mahindi, viazi vikuu na karanga, tena hufuga ng'ombe. Hesabu yao yapata watu 3,500, na karibu wote asili yao ni Afrika.

Sababu yake ni hii. Zamani Cartagena ilikuwa bandari kubwa ya Waspania, walipouzwa watumwa waliotoka Afrika. Mwaka 1599 mtumwa mmoja, jina lake Benkos Biohó, alitoroka pamoja na wenzake, wakaingia mwituni na kujenga boma la miti. Boma la namna hiyo kwa Kispania huitwa palenque. Waspania waliwapiga vita wasiwashinde, hata wakafanya nao amani. Walakini baadaye Biohó alikamatwa, akanyongwa mwaka 1621. Watoro hawakukata tamaa. Maboma mengi yalivunjwa, bali San Basilio lilidumu, na mwaka 1713 Waspania waliukubali uhuru wake.

Lugha ya kijiji ina maneno mengi ya Kispania, yaliyochanganyika na maneno ya Kikongo. Ng'ombe huitwa ngombe, na mtoto huitwa moná, yaani mwana. Wakitaja watoto wengi hutanguliza ma, husema ma moná. Ajuaye Kiswahili hastaajabu, kwa kuwa Kikongo na Kiswahili ni lugha ndugu.

Vijana wa rika moja hufanya chama kiitwacho kuagro, nao husaidiana katika kazi, ugonjwa na msiba. Wanawake huchukua matunda na vitamu vya nazi kichwani, wakaviuze Cartagena.

Huko mjini watu waliwacheka kwa usemi wao, hata wazazi wengine wakawakataza watoto kuisema lugha yao, ikakaribia kupotea. Lakini tangu miaka ya 1980 hufundishwa shuleni, na mwaka 2005 UNESCO ilitangaza desturi za kijiji kuwa urithi wa wanadamu wote. Leo mtoto wa Palenque husoma Kispania, wala haoni haya kusema maneno ya babu zake.