Wanaoomba Mzigo Uzidi

Mshale wa mizani ulipopita 20, kiongozi wa msafara alisonya. Nje ya uzio, hatua kama kumi na tano kutoka pale, mwanamume mmoja aliinama akaanza kukaza kamba za viatu vyake.

Nilikuwa Machame kwa habari nyingine kabisa, ya bei ya kahawa. Kwenye geti la kupandia Kilimanjaro nilifika kwa sababu dereva aliyenipa lifti alikuwa na mayai ya kukabidhi, trei sita zilizofungwa kwa ustadi ambao sijawahi kuuona kwenye mayai, maana yalikuwa yanaenda kubebwa mkononi hadi kambi za juu. Alipokuwa akiyahesabisha, mimi nikasogea kwenye mizani. Yule mtu wa kamba za viatu ndiye aliyenirudisha kesho yake, na keshokutwa. Kahawa ingesubiri, imeshazoea.

Kanuni ni fupi. Mzigo wa mpagazi wa Kilimanjaro hautakiwi kuzidi kilo 20, na getini unapimwa. Ukizidi, kiongozi apunguze vitu au aongeze mtu. Kupunguza ni kazi, kwani hema halikatwi nusu na mgeni aliyetoka Ulaya na mito yake miwili hataki kusikia habari ya kuacha mmoja. Basi anaongeza mtu. Mtu huyo hatoki mbali. Anatoka pale nje ya uzio, katika kundi la wanaume ambao wamesimama tangu saa moja asubuhi na mabegi yameshafungwa, hawajui kama usiku watalala nyumbani au kambi ya kwanza, mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari.

Kilo mbili za mgeni, wiki nzima ya mtu.

“Sisi tunaomba vitu vizito, dada,” aliniambia yule mtu wa kamba za viatu, huku anacheka. “Kila mtu duniani anaomba mzigo upungue. Sisi tunaomba uzidi.”

Ana miaka 34, watoto wawili, na miaka kumi na moja ya mlima. Aliniomba nisimtaje. “Hapa jina ndiyo kazi yenyewe. Likichafuka huitwi.” Wapagazi wenyewe hujiita wagumu, nami nitamwita hivyo hivyo, mgumu, ingawa siku ya kwanza niliyomwona alikuwa na mafua makali.

Kilichonishangaza ni kwamba pale walipo hawauoni mshale. Kibanda kinaziba, watu wanaziba, na askari wa hifadhi anasimama mbele kabisa. Wanajuaje basi?

“Unaangalia bega la kiongozi,” alisema. “Mzigo ukiwa sawa, bega linashuka, anaandika, anaita mwingine. Ukizidi, bega linabaki juu. Halafu anageuza shingo kuangalia huku. Akigeuza shingo tu, ujue tayari. Wewe usimkimbilie. Ukimkimbilia anajua una njaa, anakupunja. Funga viatu. Mtu anayefunga viatu anaonekana yuko tayari, haombi.”

Nilitumia asubuhi mbili nikisoma mabega. Ni kweli. Kufikia saa nne nilikuwa naweza kukisia kabla askari hajataja namba, na nakiri kuwa moyo ulianza kunidunda kwa kilo za watu nisiowajua.

Wao hawasubiri hata bega. Gari likiingia tu wanaanza kukisia. Msafara wenye meza, viti na choo cha kubeba utazidi. Msafara wa vijana wenye begi moja moja hauna riziki. Na kuna jambo ambalo nisingelifikiria hata siku moja: mvua. Mahema yaliyoshuka mlimani jana yakiwa yamelowa, yakafungwa bila kuanikwa ili leo yapande tena, yanakunywa maji. “Hema likilowa linaongeza kilo, mbili, hata tatu. Usiku nikisikia mvua inapiga bati, mke wangu anavuta blanketi, mimi natabasamu.”

Nilimwomba anionyeshe begi. Alisita, kisha akalifungua juu ya jiwe, akitoa kitu kimoja kimoja kama mtu anayepanga bidhaa. Begi la kulalia lenye zipu iliyokufa, limeshonewa vifungo vya shati. Koti zito la mtumba, kifuani limeandikwa jina la timu ya Canada ya mpira wa magongo wa kwenye barafu. Soksi jozi tatu. Mifuko miwili ya plastiki ya kuvaa juu ya soksi, viatu vikiingia maji. Tochi ya kichwani. Sweta la shule la mtoto wake wa kwanza, alilolikata mikono na kulikunja likawa ngata ya kuweka kichwani chini ya mzigo. Chumvi kwenye karatasi. Na viatu.

Viatu ni vya shemeji yake. Namba 43, naye anavaa 41. Mbele amejaza gazeti. Sikuthubutu kuangalia kama ni la kwetu.

“Viongozi huangalia miguu kwanza. Ukija na raba, hata mzigo uzidi kilo kumi, wanamchukua wa pembeni yako. Na wana haki, kule juu raba inaua.” Mjini Moshi upo mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanza mwaka 2003, ambao huwaazima makoti na viatu bila malipo. Anaujua vizuri, na zamani aliazima. “Lakini ule ni wa mtu anayejua Alhamisi anapanda. Mimi safari yangu naijua saa nne asubuhi. Saa nne na nusu niko msituni.”

Hakuwa hivi siku zote. Kwa miaka saba alikuwa mtu wa kuitwa kwa simu: kiongozi anampigia jioni, kesho anapanda gari la kampuni Moshi mjini kama mfanyakazi yeyote. Mwaka 2020 wageni wakakatika kwa sababu ya corona. Kiongozi wake aliacha mlima, akaenda Arusha kuuza vipuri vya magari. “Namba yangu ikaenda naye,” alisema.

Wageni walirudi. Na vijana wapya walikuja nao, tena wengi, kwani kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, kikigawanywa kwa wana wanne kinabaki migomba ya kuhesabu kwa vidole. Msimu nao una mipaka yake. Aprili na Mei, masika yakishika, geti huwa wazi lakini watu ni wachache. Juni hadi Oktoba ndiyo neema, kisha kuanzia Krismasi hadi mwanzoni mwa Machi. Katikati hapo mgumu wetu huendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku.

Siku ya pili, tukinywa chai kwenye kibanda cha mama mmoja chini ya geti, alinisimulia jambo ambalo bado sijalimeza. Amewahi kuchukuliwa kwa ajili ya mizani tu. Mzigo ulizidi, akaitwa, akaandikwa, akabeba, akapita getini. Baada ya mwendo wa kama nusu saa msituni kiongozi akawasimamisha, mzigo wake ukafunguliwa, vitu vikagawanywa kwa wengine, naye akapewa Sh10,000 na kuambiwa arudi kwa njia ya pembeni.

“Ukakubali?”

“Ningefanyaje? Nipige kelele, nani ataniita tena? Kilichoniuma siyo hela. Niliwaona wale waliogawiwa. Shingo zao.”

Hakutaja kampuni, nami sikusisitiza. Lakini mizani ile iliwekwa ili ilinde shingo zile zile. Mgeni aliyekuwa mbele, na fimbo zake mbili, alijua? Na kambini, mizigo ikipimwa tena, yale majina yaliyoandikwa getini yanahesabiwa na nani?

Nilimuuliza angependa nini kibadilike. Nilidhani atasema malipo. Alifikiri kidogo, akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka.

“Washushe iwe kilo 15. Sisi wote pale nje tutaingia.”

Nani atalipa, hilo hakulijibu, na sioni kwa nini liwe juu yake yeye kulijibu.

Kuna kitu kingine nilichokishika njiani. Katika miaka kumi na moja hajawahi kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Wageni wakiondoka kambi ya Barafu usiku wa manane kuelekea kileleni, yeye hubaki na mahema. Barafu, pamoja na jina lake, haina maji. Yanachotwa bonde la Karanga na kupandishwa, na mara nyingi ni yeye anayeyapandisha. Alfajiri wageni wako kileleni wakipiga picha na kibao, yeye anawasha jiko. Hajutii? Aliniangalia kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. “Kule juu hakuna mzigo,” alisema.

Siku ya tatu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Saa nne kasoro, msafara wa watu tisa, wenye meza. Bega la kiongozi likabaki juu. Shingo ikageuka. Mgumu alikuwa ameshainama kwenye kamba zake, na vijana wawili kando yake pia, wote watatu wameinama kama wanaosali. Kiongozi akapita akitazama miguu. Akamgusa yeye.

Hakuniaga. Alipita getini na sweta la mtoto kichwani, kilo zake zikasomwa, kumi na tisa na nusu, na msitu ukammeza.

Alishuka siku ya sita kwa njia ya Mweka, kama wote wanaopandia Machame, akapanda daladala mbili kurudi nyumbani. Sh120,000 za siku sita, tipu Sh85,000. Kati ya hizo alitoa Sh20,000 kwa mtu aliyemwingiza, neno alilolitamka bila kuangalia upande wangu. Shemeji alikuwa ameshapiga simu: yeye mwenyewe amepata safari Marangu, anataka viatu vyake.

Ijumaa, saa moja asubuhi, mgumu alikuwa tena nje ya uzio wa Machame, begi limefungwa. Alikuwa amevaa raba.