Visiwa vyetu vya ziwa: wakati mzuri ni Februari, lakini pesa zake ni za Septemba

Ukimtajia mtu wa Kisumu likizo ya kisiwani, mawazo yanakimbilia Lamu, Unguja au hata Mauritius, halafu anaanza kupiga hesabu ya nauli ya ndege na kukata tamaa. Ngoja kwanza. Ziwa tunaloliona kila siku lina visiwa vyake. Rusinga unafika kwa gari, maana daraja la Mbita linakiunganisha na bara, na huko ndiko alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969. Takawiri ina ufuo wa mchanga mweupe. Mfangano ina milima, michoro ya kale kwenye miamba na makumbusho ya jamii ya Abasuba. Ndere, hifadhi ndogo ya kilomita za mraba 4 hivi yenye swala pala, iko karibu kabisa na mji.

Kwa hiyo pa kwenda papo. Kinachowasumbua wengi ni lini, kwa sababu karibu wote tunachagua Disemba au Agosti, shule zikifungwa, na kila mtu anachagua hivyo hivyo. Disemba nauli za basi kutoka Nairobi zinapanda, jamaa wanarudi nyumbani, Rusinga wana tamasha lao la utamaduni, na vyumba vya Mbita na Mfangano si vingi hata siku za kawaida. Unaishia kulipa zaidi kwa chumba ambacho hukukitaka.

Tena Disemba mvua za vuli huwa hazijaondoka sawasawa. Machi hadi Mei ni masika, na hapo bei hushuka kwa sababu inayoeleweka. Mei 2020, na tena Mei 2024, maji ya ziwa yalipanda hadi viwango vya rekodi na kumeza fukwe na nyumba za watu. Hata mwaka wa kawaida, Aprili na Mei unaweza kulipia siku tatu na ukakaa mbili ndani ukitazama mvua dirishani. Agosti ni afadhali, na usiku kuna baridi tamu, lakini kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuruga ziwa, na safari ya boti kwenda Mfangano inaweza kuwa ya kurushwarushwa. Kama unabaki Rusinga hilo halikuhusu. Kama una watoto wadogo na unavuka, linakuhusu sana.

Inabaki katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari. Joto lipo, linafika nyuzi 30 mchana, lakini ni miezi mikavu kwa vipimo vya huku. Tunasema kwa vipimo vya huku kwa sababu Kisumu haina mwezi usiokuwa na mvua kabisa. Ziwa lenyewe linatengeneza mawingu yake. Wageni wa Disemba wameshaondoka, vyumba vipo, na mwenye nyumba yuko tayari kuongea bei. Ndege wahamiaji kutoka Ulaya nao bado wako, kwa wale wanaopenda kubeba darubini.

Na shule? Hapa ndipo watu wengi hawaangalii. Muhula wa kwanza una mapumziko yake ya katikati, na miaka ya karibuni yameangukia mwishoni mwa Februari, siku nne hivi pamoja na wikendi. Siku nne zinatosha kabisa kwa Rusinga na Takawiri. Angalia kalenda ya Wizara ya Elimu mapema, maana tarehe hubadilika kila mwaka.

Kikwazo ni kimoja, na hakuna Mkenya asiyekijua: Njaanuari. Krismasi imekula, karo imemalizia, na mwezi ambao ziwa limetulia ndio mwezi ambao pochi ya simu inasoma shilingi 43. Ndiyo maana tunasema likizo ya Februari hupangwa Septemba. Tuseme familia yako ya watu wanne inahitaji shilingi 20,000 kwa usafiri, malazi na chakula. Kuanzia wiki ya kwanza ya Septemba hadi mwisho wa Februari ni kama wiki 25. Shilingi 800 kwa wiki zinakufikisha. Ziweke kwenye akaunti ya akiba iliyo kando na pochi unayonunulia sukari, na kama unaweza kuifunga hadi tarehe fulani, ifunge ipite Krismasi. Pesa isiyofungwa hujui Disemba itaitwa na nani. Ukikopa hizo 20,000 kwenye simu Februari, utalipa ada ya mkopo mwezi Machi, wakati umesharudi na hata samaki umesahau ladha yake.

Faida nyingine ya kupanga mapema ni kwamba unalipa amana bila haraka, na haraka ndiyo inayolisha matapeli. Misimu yenye shughuli nyingi ndiyo misimu yao: picha nzuri ya nyumba kando ya ziwa, bei ya kuvutia, kisha "tuma nusu sasa hivi, kuna mwingine anaitaka." Piga simu kwanza. Omba namba ya till au paybill ya biashara, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama unaambiwa nyumba ni ya hoteli na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama hapo. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi kwa bahati mbaya, tupigie mara moja na tutajaribu kuzizuia. Lakini ukimtumia tapeli kwa hiari yako, yeye huzitoa ndani ya dakika chache, na pesa iliyokwisha kutolewa hairudishiki kirahisi. Uliza pia, kwa ujumbe wa maandishi: upepo ukizuia boti, amana yangu inakuwaje? Hifadhi jibu pamoja na ujumbe wa malipo.

Swali hilo la upepo si la mzaha. Ziwani, saa ya kusafiri ni muhimu kama mwezi. Asubuhi maji huwa matulivu. Kadiri jua linavyopasha nchi kavu, upepo kutoka ziwani unaongezeka, na alasiri ndipo mawimbi na radi huja. Vuka asubuhi. Feri ya kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita hubeba hata gari, na ndiyo tunayoipendekeza kwa anayepitia upande wa Bondo. Kwenye boti ndogo hakikisha kila mtu, mtoto na mzee, amevaa jaketi la kuokoa maisha kabla nahodha hajawasha injini. Akisema "tungoje kidogo, upepo," mngoje, hata kama umelipia chumba cha usiku huo. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutolipia kila kitu mapema: acha sehemu ulipe ukifika.

Kwa wanaoondokea Kisumu penyewe, kwenda Ndere kupitia Dunga kwa mfano, kuna gugumaji. Halifuati kalenda, linafuata upepo. Leo ghuba iko wazi, kesho ni shamba la kijani na boti hazipiti. Pigia waendesha boti siku moja kabla. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo ilipe ukiwa mjini penye mtandao mzuri.

Visiwani mtandao unaweza kukatika, na wakala wa ufukweni si benki. Akikwambia hana floti, maana yake hawezi kukuwekea pesa kwenye simu; akisema hana kashi, hawezi kukutolea. Mawakala wadogo huishiwa na kashi upesi siku watu wengi wanapotoa. Toa kiasi cha kutosha boti na chakula cha siku ya kwanza ukiwa Mbita, katika noti ndogo, na nyingine iache kwenye simu.

Jambo la mwisho ni mwezi, ule wa angani. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, na usiku wa giza ndio wao. Kutoka ufuo wa Takawiri au Mfangano utaziona taa hizo zimetapakaa juu ya maji kama mji mwingine. Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa, kwa hiyo usizitafute wakati huo. Februari zipo, mradi uchague wiki isiyo na mbalamwezi.