Safari ya meli kwa mwenye mguu mzito
Sehemu ya pili: Kati ya gati na sitaha

Wiki iliyopita tulimwacha mama mkubwa wangu wa Bugarama, Ngara, akiwa ameshafika Bukoba na gongo lake mkononi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 pale Kigongo–Busisi, mtu wa Ngara anafika Mwanza kwa basi bila kungoja kivuko. Anayezunguka hadi Bukoba ili apande meli hana dharura, anatembea tu. Na mama mkubwa, ambaye kiharusi kilimlemaza upande wa kulia, alisema maishani mwake hajawahi kusafiri bila msiba au ugonjwa kumwita, hivyo safari hii aachwe.

Ziwa lenyewe halimsumbui mwenye ulemavu wa viungo. Kazi ipo katika zile hatua chache za kutoka gatini kuingia melini.

Bandarini Zanzibar maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti hukaribia mita 4. Daraja la kupandia ambalo asubuhi lilikuwa karibu tambarare, mchana limekuwa mlima. Ziwa Viktoria halina bamvua wala maji mafu. Huku kinachoizamisha meli kidogo kidogo ni mzigo: kadiri mikungu ya ndizi inavyoingia, ndivyo sitaha inavyoshuka. New Victoria Hapa Kazi Tu, ile MV Victoria ya mwaka 1961 iliyorudi majini 2020 baada ya matengenezo, hubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Kwa hiyo mwenye kiti mwendo asimuulize baharia saa ya kung'oa nanga tu. Amuulize daraja litakuwa limelala zaidi saa ngapi, apande wakati huo, hata kama foleni bado haijaanza.

Pasipo na gati mambo ni mengine kabisa. MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, kwa miongo mingi ilisimama mbali na vijiji vingi vya Ziwa Tanganyika, abiria wakaletwa kwa mitumbwi na kuingilia ubavuni, huku mawimbi yakipandisha chombo kimoja na kushusha kingine. Watalii wa meli kubwa za anasa wanaijua adha hiyo: meli ikitia nanga nje ya bandari, abiria hushushwa kwa boti ndogo, na mwenye kiti kizito cha umeme mara nyingi huambiwa abaki. Amelipa nauli ileile, bandari anaitazama dirishani.

Ukishaingia, kuna vizingiti. Fundi hakuviweka kwa ukorofi. Mlango unaotoka ndani kwenda sitaha ya wazi, kwa kanuni za kimataifa, huinuliwa karibu sentimita 38 ili wimbi lisiingie. Mbao ya mteremko, ile ya kuwekwa na kuondolewa, inatosha kumvusha mtu bila kuigusa kinga hiyo. Jambo hili lilifika hata Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2005 iliamua kwamba sheria ya haki za wenye ulemavu inazihusu pia meli za bendera ya kigeni zikiwa kwenye maji ya nchi hiyo, ila zisilazimishwe kufanya badiliko linalohatarisha usalama. Sisi tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mbao ya mteremko haihitaji hata kesi.

Sasa chumba. Wazoefu watakwambia uchague cha chini, katikati ya meli, kwa kuwa huko mtikisiko ni mdogo, kama mtu aliyeketi katikati ya ubao wa pembea. Ni kweli. Lakini huko chini ngazi ni nyingi, na watu wa Kagera hatujaisahau Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza. Mimi nilimchagulia mama mkubwa usawa wa sitaha ya kupandia, karibu na mlango, na boya lake la kuvaa tukalijaribisha kabla ya giza: mkono mmoja haufungi zile kamba, lazima wa pembeni yake ajue.

Alitapika mara mbili, akacheka. Choo nakiweka kwa wiki ijayo. Kina mambo yake.