Makaa ya mawe: Mgodi hufungwa, sumu hubaki majini

Ukitaja makaa katika mtaa wowote wa Nairobi au Mombasa, msikilizaji wako atafikiria gunia la muuzaji na jiko la nyama choma. Makaa ya mawe ni kitu kingine. Hayo huchimbwa ardhini, nayo yametokana na mimea iliyofukiwa mamilioni ya miaka iliyopita. Pengine hujawahi kuyashika, lakini huenda yalichangia kujenga nyumba unayoishi, kwani viwanda vya simenti nchini huagiza makaa hayo kutoka ng'ambo, zikiwemo shehena kutoka Afrika Kusini.

Wengi wetu tukisikia kuhusu madhara ya makaa ya mawe huwaza moshi tu. Moshi ni hatari kweli. Hata hivyo, kuna dhara jingine ambalo huanza kabla ya kipande kimoja kuchomwa, na huendelea hata baada ya wachimbaji kuondoka. Dhara hilo hupitia kwenye maji. Yafaa ulielewe, msomaji, kwa sababu nasi Wakenya tuna makaa ya mawe chini ya ardhi ya bonde la Mui, Kaunti ya Kitui.

Asidi hutoka wapi?

Mara nyingi, mawe yanayozunguka makaa haya huwa na madini yaliyochanganyika chuma na salfa. Yakiwa yamefunikwa chini ya ardhi, hayana neno. Mgodi ukichimbwa, mawe hayo huvunjwa na kuachwa wazi. Hewa na maji yakiyafikia, salfa hugeuka kuwa asidi, ile ambayo wengine huiita tindikali. Asidi hiyo nayo huyeyusha madini mengine maweni, kama vile chuma, alumini na manganizi, na kuyachukua hadi mtoni.

Mgodi ukifungwa, mambo hayaishi. Pampu zilizokuwa zikivuta maji huzimwa, mashimo hujaa, na maji yenye asidi hutafuta njia ya kutokea. Kazi hiyo ya asidi inaweza kuendelea kwa makumi ya miaka, hata zaidi.

Yaliyowapata watu wa Carolina

Carolina ni mji mdogo katika mkoa wa Mpumalanga, Afrika Kusini, eneo lenye migodi mingi ya makaa ya mawe. Mnamo Januari 2012 mvua kubwa ilinyesha na kusomba maji machafu ya migodini hadi kwenye bwawa linalotegemewa na mji huo. Maji ya bwawa yaligeuka kuwa ya asidi, yakajaa madini, na samaki wakafa. Wakazi wakaambiwa wasinywe maji ya mfereji.

Walipaswa kungoja malori ya maji na matangi yaliyowekwa mitaani, ambayo hayakujazwa kila siku. Miezi ilipita. Hatimaye wakazi wa mtaa wa Silobela, wakisaidiwa na shirika la kutetea mazingira, walikwenda mahakamani. Julai 2012, Mahakama Kuu ya Pretoria iliagiza wapewe maji salama ya muda katika saa 72. Hebu fikiria kuishi miezi sita mjini, mfereji upo nyumbani, na huwezi kumpa mtoto kikombe cha maji yake.

Huko huko Mpumalanga, karibu na mji wa eMalahleni, kizibo cha zege cha shimo la mgodi wa zamani kilivunjika Februari 2022. Maji ya asidi yaliporomoka hadi mto Wilge na kuua samaki wengi. Mgodi ulikuwa umekufa, lakini maji yake yalikuwa hai.

Kuchemsha hakusaidii

Tumezoea kuambiwa tuchemshe maji ya kunywa. Ushauri huo ni mzuri dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo, kwani moto huua viini. Lakini moto hauondoi asidi wala madini. Kadiri maji yanavyopungua kwenye sufuria, ndivyo madini yanavyozidi kukolea. Dawa ya klorini pia haiondoi uchafu wa aina hii.

Ishara zake ni ladha ya chuma mdomoni na rangi ya kutu kwenye sinki, ndoo na nguo zilizofuliwa. Lakini usitegemee macho pekee: maji ya asidi yanaweza kuwa meupe kabisa. Salfeti ikizidi majini huleta kuharisha. Manganizi ikizidi kwa muda mrefu hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa kwa watoto wachanga. Na asidi ikipita katika mabomba ya zamani inaweza kung'oa risasi na shaba na kuzifikisha kwenye kikombe chako.

Vumbi nalo

Wachimbaji wenyewe hukabiliwa na adui mwingine. Vumbi la makaa likivutwa kwa miaka mingi hujikusanya mapafuni na kuyafanya kuwa meusi na magumu. Mgonjwa hukohoa, hukosa pumzi, na hakuna dawa ya kuyarudisha mapafu yake katika hali ya kwanza. Usidhani haya ni mambo ya kale. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika eneo la Appalachia ya kati, takriban mchimbaji mmoja kati ya watano waliofanya kazi hiyo kwa miaka 25 au zaidi alikuwa na ugonjwa huo.

Na Mui je?

Serikali iliwahi kutangaza kuwa sehemu moja tu ya bonde la Mui ina zaidi ya tani milioni 400 za makaa ya mawe. Wapo wanaoona humo ajira na umeme, na haja hizo ni za kweli. Lakini Kitui ni nchi kame. Watu wengi huko hupata maji kwa kuchimba visima katika mchanga wa mito ya msimu, na kwa kujenga mabwawa ya mchanga yanayohifadhi maji ya mvua. Carolina ilipoharibikiwa na bwawa, malori yaliweza kuleta maji kutoka kwingine. Mwanakijiji ambaye kisima chake cha mchanga kimeingia asidi atakwenda wapi?

Kuyasafisha maji haya kunawezekana. Tangu mwaka 2007, eMalahleni ina mtambo unaogeuza maji ya migodini kuwa ya kunywa. Lakini mtambo kama huo ni ghali, na unahitaji umeme na wataalamu kila siku, hata baada ya faida ya mgodi kwisha.

Kwa hiyo, mipango ya kuchimba ikitangazwa, usiulize tu ni kazi ngapi zitapatikana. Uliza kama mawe ya hapo yamepimwa salfa. Uliza maji ya visima yalikuwaje kabla ya uchimbaji, maana bila kipimo cha kwanza hutaweza kuthibitisha madhara ya baadaye. Uliza pia ni nani atakayelipa gharama za kusafisha maji miaka 30 baada ya mgodi kufungwa, na pesa hizo zimewekwa wapi.

Katiba ya 2010 inakupa haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42 na maji salama katika kifungu cha 43. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuhusu mazingira bila kungoja uumie kwanza. Si maandishi matupu. Mnamo Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Watu wa Silobela walikwenda mahakamani maji yao yakiwa yameshaharibika. Sisi bado tuna nafasi ya kuuliza mapema.