Je, Wajua? Mchanga Uliogeuka Vita

Je, wajua kwamba mchanga wa Kahama uliingiza msamiati wa vita katika hotuba za Ikulu? Machi 2017, Rais John Magufuli wa Tanzania alizuia makinikia kusafirishwa nje. Makinikia ni mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha, na huu ulitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, eneo la Kahama, mkoani Shinyanga. Makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam.

Mgogoro uliozuka kati ya serikali na Acacia, kampuni iliyomiliki migodi hiyo, ulihusu kodi na mikataba, lakini Rais aliuita vita ya uchumi, akijiweka upande wa wanyonge. Acacia, ambayo hisa zake ziliuzwa katika soko la London, ilijibu kwa lugha ya mikataba na wanahisa. Wananchi walikuwa na haki ya kudai chao, hilo halina ubishi. Ila tuwe macho: jambo likishaitwa vita, anayeuliza swali la haki huonekana msaliti.

Yaliishia mezani. Januari 24, 2020, serikali na Barrick, iliyokuwa kampuni mama ya Acacia, walitia saini makubaliano, na Tanzania ikapata asilimia 16 ya hisa katika migodi hiyo.