Je, Wajua? Maua ya Ngorongoro Yanafukuza Malisho

Mvua za masika zikiisha, sakafu ya Kreta ya Ngorongoro, yenye kilomita za mraba 260 hivi, hugeuka ukumbi wa maua wenye kuta za kimo cha mita 600 hivi. Wageni wanaotoka Karatu kupitia lango la Lodoare hushuka na kamera mkononi, wakitafuta pundamilia aliyesimama katikati ya njano na zambarau. Picha hupendeza kweli.

Lakini uzuri huo unawaumiza wanyama. Ua la njano, Bidens schimperi, na la zambarau, Gutenbergia cordifolia, ni mimea ya asili ya Afrika, ila imeenea kupita kiasi na kusonga nyasi wanazolishia nyumbu na pundamilia. Majani ya Gutenbergia yana kemikali zinazodumaza mimea jirani, na wanyama huyakwepa. Wahifadhi huifyeka mimea hiyo miwili ya maua, na wakati unaofaa ni kabla haijatoa mbegu.

Ukienda, wahi asubuhi jua halijawa kali. Piga picha ukiwa garini, kwani kushuka kunaruhusiwa sehemu maalumu tu, kama Ngoitokitok. Ukishuka hapo, kagua suruali na soksi kabla ya kuondoka: mbegu za Bidens hung'ang'ania nguo. Tafadhali usizisafirishe.